Nguo Zilizongoja Ushahidi

Hodi ilipobishwa, Sikudhani alikuwa amechutama kando ya beseni, mikono ndani ya maji, wala hafui. Nguo zilikwisha kufuliwa zamani, zikakamuliwa, zikarudishwa humo zingoje uamuzi. Alikuwa anazishika tu, kama mtu anavyoshika paji la mgonjwa kuona homa imepanda au imeshuka. Ko, ko. Kisha kimya, kana kwamba anayebisha amesahau alichokuwa akifanya. Kisha ko ya mwisho, peke yake. Sikudhani akaitoa mikono majini. Alimjua. Hodi ile aliifundisha yeye mwenyewe, alimshika mtoto kiganja akamwonyesha namna ya kubisha, mtoto akajikwaa pale katikati, na tangu siku hiyo hakuibisha vinginevyo.

"Baba Mwasiti," aliita. "Mwasiti amerudi."

Mumewe Makungu alikuwa ameketi na kipande cha muhogo mkononi, hajakila, maana lilikuwa bado halijaamuliwa kama ni cha kula sasa au baadaye. Alikiweka chini polepole. Uso wake ukafanya kitu ambacho uso wa baba hufanya, ukalegea, ukataka kucheka na kulia kwa pamoja, halafu akaukaza kama anavyokaza mtu mkanda wa suruali.

"Usiseme amerudi, mama Mwasiti," alisema. "Sema mlangoni kuna mlio."

Sasa ngojeni niwaambie habari za mji huu, kwa sababu asiyeujua atamwona Makungu mtu katili, naye si katili. Natamani angekuwa katili, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Katika mji huu hakuna mtu anayefanya jambo, liwe kubwa liwe dogo, bila kulipitisha kwenye vigoda. Kila nyumba inavyo vitano, vimepangwa mstari kutoka jikoni hadi mlangoni. Unaanza kukaa kwenye kigoda cha swali, na hapo unauliza ni nini hasa unachotaka kujua. Ukisharidhika, wewe na wote waliomo nyumbani, mnahamia cha pili, mnapitia yaliyokwisha semwa na waliotangulia. Cha tatu ni cha nadharia tete, mnatamka mnachokisia. Cha nne ni cha ushahidi. Cha mwisho kinagusana na mlango, nacho ni cha hitimisho, na ukikitazama utaona kina vumbi la kupandwa mboga. Hivyo ndivyo watu wanavyoamua kama uji utiwe chumvi. Hivyo ndivyo wanavyoamua walalie ubavu gani. Mtu akichekesha, wanakaa kwanza kuchunguza kama inachekesha, na wapo waliochekwa wakiwa wamekwisha kuzikwa. Mimi sicheki. Nawaambieni hivi nikiwa nimeuma meno.

Wanasema zamani haikuwa hivyo. Watu waliamua kwa moyo, kama mbuzi tu, mpaka siku mtu mmoja aliposimama katikati ya soko akahisi kitu, wala hakukiona, akapaza sauti, "Kimbieni." Wakakimbia. Wote upande mmoja, wote kwa pamoja, na upande ule palikuwa na genge, mteremko wa kina kirefu, wengi wakatumbukia. Waliosalia waliapa kwamba hakuna moyo utakaoaminiwa tena bila kuhojiwa. Na yule aliyesema kimbieni alikuwa baba yake Makungu. Hili lishikeni, maana mtu huyu hakuzaliwa akiogopa mlango. Aliurithi woga, kama mwingine anavyorithi pua.

Na Mwasiti alitokaje? Kwa nguo hizi hizi. Lilikuwa ni swali dogo kabisa, je, nguo zianikwe? Walikaa, wakapitia, wakakisia kwamba mvua haitanyesha, wakafika kigoda cha nne wakakwama, maana ushahidi wa mvua uko nje na wao wako ndani. Mtoto ndiye aliyekuwa mwepesi wa miguu. Wakamfundisha kazi ya mkusanyaji: tazama, usiongeze, usipunguze, na usiseme neno mpaka uulizwe. Wakamtoa. Mlango ukafungwa nyuma yake, kwa sababu upepo wa nje ukiingia unaharibu vipimo vya ndani. Kisha mtoto akarudi na jibu lake, akabisha. Na papo hapo likazaliwa swali jipya ambalo hakuna aliyelitarajia: je, mlango ufunguliwe? Walikuwa bado wanalichonga lile swali hodi ilipokoma.

Lini ilikuwa? Msiniulize lini. Mle ndani mwanga ni mmoja tu, unapita chini ya mlango, hauzidi wala haupungui. Nywele za Sikudhani zilikwisha kuwa nyeupe, zikarudi nyeusi, zikawa nyeupe tena. Maji ya beseni hayakukauka wala hayakunuka, kwani kuyamwaga nako kulihitaji utafiti wake. Humo ndani ya maji palikuwa na shuka la kitandani na kigauni cha manjano alichokuwa amekivua Mwasiti siku ile kifuliwe, na Sikudhani alizoea kukitafuta kwa vidole bila kukitazama.

Ko, ko. Kimya. Ko.

"Twende kwenye kigoda," Makungu alisema. "Tufanye haraka. Safari hii tufanye haraka, lakini tufanye sawasawa."

Wakakaa. Makungu akatamka swali: je, mlango ufunguliwe? Akalirudia, halikumpendeza. Mlango ufunguliwe na nani, kwa kiasi gani, kwa muda gani? Alilikunja, akalikunjua. Sikudhani aliitikia kila alichoulizwa, ndiyo, sawa, na liwe hivyo, alimradi wahame pale. Katika ukuta wa kushoto palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, na jirani yao Bi Kazija, ambaye katika nyumba yao hakupata kuonekana isipokuwa mdomo, alikuwa amekwisha kuuweka mdomo huo tunduni. Kila nyumba ina jirani wa namna hiyo. Kazi yake ni kuhakiki.

"Swali lenu lina tumbo," alisema Bi Kazija. "Limebeba maswali mengine. Mtu akisema ufunguliwe, amekwisha kubali kwamba kuna mlango."

"Bi Kazija," Sikudhani alisema, "nakuomba. Wewe ni mzazi."

"Ni mzazi ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana naangalia msije mkafanya kwa pupa. Huko nje mnakujua nyie?"

Walihamia cha pili. Waliotangulia walisema nini kuhusu hodi? Makungu alikumbuka kwamba mjomba wake alisema hodi nyingine ni tawi linalopigwa na upepo. Bi Kazija alikumbuka habari ya nyumba moja, jina limempotea, iliyofungua ikakuta hakuna kitu, na hakuna kitu kile kikaingia ndani kikakaa nao mpaka wakazeeka. Walizipima kauli hizo kwa makini mno. Na mlangoni hodi ikapigwa tena, na safari hii Sikudhani akaona kitu kilichomkata maini. Hodi ilipigwa chini. Mara ya kwanza iliangukia usawa wa kifua, panapofika mkono wa mtu mzima. Sasa ilikuwa usawa wa goti. Je, ni mtoto amerudi na udogo wake alioondoka nao? Au ni mtu mzima aliyeishiwa miguu, ameketi kizingitini?

"Amekaa chini," alisema. "Baba Mwasiti, hawezi kusimama. Ni mwanao yule. Namjua."

Angelinyamaza. Ewe mama, ungelinyamaza tu. Makungu alifumba macho kama aliyechomwa mwiba, kwa sababu ilikuwako kanuni, naye hakuitunga yeye. Mwenye jibu kabla ya swali ana ugonjwa unaoitwa upendeleo, na haruhusiwi kukaa kigodani mpaka apone.

"Umesema 'namjua'," Makungu alinong'ona. "Mbele ya mhakiki."

"Nimesikia," alisema mdomo ukutani.

Akahamishiwa pembeni, karibu na beseni lake. Na jina la Mwasiti likapigwa marufuku katika kikao, kwani lilikuwa linavuta ushahidi upande mmoja. Hapo ndipo mume na mke walipogundua kwamba hawana la kuitana. Maisha yao yote yeye alikuwa baba Mwasiti na huyu mama Mwasiti, majina waliyopewa na wazazi walikuwa wameyaacha mahali kama viatu vya utotoni. Makungu alifungua kinywa kumwita mkewe, akakifunga. Wakabaki wanatazamana, watu wawili wasio na kitu kati yao.

Je, kujua ni nini? Ndivyo Sikudhani alivyowaza pale pembeni, mawazo yakimjia vipande vipande. Mimi sikukisia kwamba nina mimba. Sikukusanya. Nilijua. Hapana, mwongo, hata hilo niliambiwa nikae kwanza. Nilikaa na mimba kigodani mpaka ikanizidi. Alizaliwa tukiwa kwenye cha tatu. Alizaliwa huku wanakisia kama yumo. Na alipolia, Makungu alicheka, hakumwuliza mtu, alicheka tu. Kwa hiyo anaweza. Aliwahi kuweza. Nani aliwaambia kwamba kitu hakipo mpaka kithibitishwe? Nani alimthibitisha yule aliyesema hivyo? Anayeshika swali ndiye anayeshika nyumba, na sisi wengine tunaishi ndani ya swali lake, tunapika humo, tunazeeka humo, na mtoto yuko nje ya swali anapiga ukuta wake kwa mkono.

Kwenye kigoda cha tatu Makungu alikisia kwamba anayebisha anajulikana na nyumba hii. Ilimgharimu kulisema hilo. Akahamia cha nne peke yake. Ushahidi. Alimwomba Bi Kazija abishe ukutani ili wapate mlio wa kulinganisha na ule wa mlangoni. Bi Kazija akabisha. Makungu akabisha juu ya kigoda. Akainama, akasikiliza, akasubiri mlango.

Mlango ulikuwa kimya.

"Hodi ni chache," alisema Bi Kazija. "Hizo mlizozisikia haziwezi kusimama kama sampuli. Zinatakiwa nyingi, na zifanane."

"Hana nguvu ya kubisha nyingi," alisema Sikudhani.

"Basi hatuna cha kuchambua," alisema Bi Kazija, na wallahi alisema kwa huruma.

Makungu aligeuka akamtazama mkewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuweza kumwita, lakini yale macho yalikuwa yanaomba, na Sikudhani akaelewa linaloombwa. Akatambaa. Alitambaa kwa magoti mpaka mlangoni, akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye ule ufa wa mwanga. Upande wa pili alisikia pumzi, inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama.

"Bisha tena, mwanangu," alisema. "Najua umechoka. Bisha tena, wanahitaji nyingi. Bisha mama, kidogo tu, kisha tutakufungulia."

Hakuna aliyejibu, maana mkusanyaji hasemi mpaka aulizwe, ndivyo walivyomfunza. Lakini baada ya muda mkono uliinuka huko nje. Ko, ko. Kimya. Ko. Na tena. Na tena, ukigonga sasa kwa nyama ya kiganja, mfupa ukiwa umeshindwa, na kila mara ule ukimya wa katikati ulirefuka, na Sikudhani alilala pale akisema tena, tena mama, akimhimiza mtoto wake amalize pumzi aliyobakiwa nayo ili ithibitike kwamba anapumua. Makungu alihesabu kwa vidole, machozi yakimdondokea kifuani. Alipoona zimetosha akageukia ukutani, uso umemng'aa.

"Zinafanana," alisema. "Bi Kazija, zote zinafanana."

Mdomo ukutani ukasogea mbele zaidi.

"Zinafanana kwa sababu ameambiwa abishe," alisema Bi Kazija. "Mwenye upendeleo amesema na chanzo. Ushahidi umeingia mkono wa mtu, haufai. Anzeni upya, wanangu. Anzeni na swali."

Makungu akasimama. Alisimama kitambo kirefu kati ya kigoda cha nne na cha tano, na nawaambia kweli, nilidhani atafanya. Mguu wake mmoja ulinyanyuka. Kisha ukashuka ulipotoka.

"Fungua," alisema Sikudhani. "Komeo liko juu, mimi sifiki. Fungua tu, tutazame."

"Na nikikosea?"

"Utakuwa umekosea."

"Baba yangu alijua," Makungu alisema. Hakuwa anapiga kelele, aliongea kama mtu anayemweleza daktari mahali panapouma. "Alijua vilevile unavyojua wewe sasa. Ungemwona uso wake. Hakuwa na shaka hata chembe. Mimi nilikuwa begani mwake, nilisikia ile kimbieni ikimtoka mgongoni kabla haijafika mdomoni. Tukakimbia, na mama alikuwa mbele yetu. Unaniambia 'namjua'. Niambie basi kujua kwako kunatofautianaje na kule, nami nitafungua sasa hivi."

Sikudhani alitafuta jibu. Alilitafuta kwa uaminifu, maana alimpenda mtu huyu, na hakulipata. Hapakuwa na tofauti. Huo ndio ukweli, nami siwezi kuwadanganya. Kujua kwake kulikuwa kujua kulekule, na huko nje panaweza kuwa na genge. Mlangoni hodi haikusikika tena. Pumzi ilikwenda, ikasimama, ikakaa bila kwenda.

"Hakutofautiani," alisema.

Akarudi pembeni, akainama, akalibeba beseni. Lilikuwa zito, maji yalimwagikia miguuni. Akapita kando ya kigoda cha swali na beseni lake, akapita cha pili, cha tatu. Makungu alimwambia cha nne bado, hawezi kupita cha nne, akamshika mkono, lakini ulikuwa umelowa ukamponyoka. Sikudhani aliliweka beseni chini, akakiinua kigoda cha hitimisho, akakisogeza vizuri chini ya komeo, akapanda juu yake. Vumbi lake likawa tope chini ya nyayo zake. Akalisukuma komeo kwa kiganja. Lilikuwa na kutu, likagoma, likatoka.

Mwanga wa nje haukuwa mkali kama alivyoogopa. Palikuwa na uwanja mtupu, kamba ya kuanikia imefungwa kwenye miti miwili, na juu mbingu nyeupe isiyo na kitu. Kizingitini ameketi mwanamke. Alikuwa mzee kuliko Sikudhani. Ngozi ya mikono ilikuwa imekunjamana, vifundo vya vidole vimechunika damu imekauka juu yake, na alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mhimili wa mlango. Sikudhani akadhani amechelewa. Kisha yule bikizee akafungua macho, na macho yalikuwa yaleyale.

"Niulize," alisema.

"Mwasiti."

"Siruhusiwi kusema mpaka niulizwe."

Sikudhani alitoka nje na beseni, akaliweka mchangani. "Mvua inanyesha?" aliuliza.

"Hainyeshi," alisema Mwasiti, na alipolisema hilo, kile alichokibeba kikamtoka, mabega yakamshuka. "Haijanyesha tangu nitoke. Nimetazama kila wakati. Sikuongeza, sikupunguza. Anikeni."

"Vizuri. Umefanya kazi nzuri sana. Sasa ingia ndani."

Mwasiti alikitazama kizingiti. Hakusogea.

"Nani ameamua?"

"Mimi."

"Mmefika hitimisho?"

"Hatukufika."

"Kwa ushahidi gani basi niingie?"

"Wewe ni mwanangu."

"Hiyo ni nadharia tete, mama," alisema Mwasiti kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto, wala hakusikia alivyomwita. Kisha akakaa vizuri, mgongo wima, mikono mapajani, pale pale kizingitini, kama alivyofundishwa kukaa kwenye kigoda cha kwanza. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote waliopata kutoka katika nyumba ile. Sikudhani alimshika mabega, akamvuta, na ule mwili mwepesi ulikuwa umekazana kama mzizi. Angeweza kumwua kwa kumvuta. Akamwachia.

Nyuma yake alisikia Makungu akilia, na sauti ya mbao ikiburutwa sakafuni. Alikuwa anavirudisha vigoda mahali pake. Bi Kazija alikuwa anamwambia upepo unaingia, baba, upepo unaingia, vipimo vyote vya nyumba vitaharibika. Hapakuwa na chuki hata chembe katika sauti yake. Mlango ukaanza kurudi. Sikudhani angeweza kuweka mguu. Alimtazama mwanawe aliyeketi kizingitini, akamkinga kwa mapaja yake ili usimbane, na mlango ukafungwa, na komeo likapanda. Kutoka ndani alisikia, kwa mbali kama kutoka chini ya maji, sauti ya mumewe ikitamka swali: je, aliyetoka alikuwa nani?

Hakuwa na nyumba tena. Alijaribu kuhofia jambo hilo akaona hana nafasi. Alilibeba beseni mpaka kwenye kamba, akaanza na kigauni cha manjano. Alikikung'uta, akakitundika. Kilikuwa kidogo mno, kilikaa hapo kikichuruzika maji, na Mwasiti alikiangalia kutoka kizingitini, akajiangalia kifua, akakiangalia tena kigauni. Halafu Sikudhani akalivuta shuka. Shuka la kitanda haliwezi kuanikwa na mtu mmoja. Ukiinua upande huu, ule unaburuta mchangani.

"Njoo unisaidie," alisema.

Mwasiti alikuwa ameinua uso juu, kwa mazoea ya maisha yake yote, na kule juu ya miti, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kitu, kulikuwa na doa la kijivu.

"Mama, kuna wingu."

"Naliona."

"Sasa sijui tena. Nilichowaletea si kweli tena. Na ikinyesha?"

Sikudhani alikuwa amesimama na shuka mikononi, maji yakimtiririka kwenye viwiko, upande mmoja umekwisha kugusa chini.

"Zitalowa," alisema. "Shika ncha hiyo."